Masizi

Tunaanzia juu, kwenye ukumbi wa maigizo,
kwa sababu jua la saa kumi linawapendeza wenye kamera.
Nawaambia: pigeni makofi, msikie jiwe linavyojibu.
Wanapiga. Jiwe linajibu.
Punda wa Bwana Hsouna, huko kondeni, naye anajibu,
na hapo ndipo watu hucheka, kila Alhamisi, palepale.

Karatasi ya ofisi naijua kwa ghibu,
mwaka wa kumi na mmoja sasa.
Hapa hekalu. Hapa soko. Hapa uwanja wa pepo,
kumi na mbili, zimechongwa sakafuni kwa duara,
mmojawapo unaitwa Africanus.
"Unavuma kutoka wapi?" huuliza mtu.
Naelekeza kidole kwenye mizeituni: "Kule."
Hapa choo cha watu kumi na wawili, bega kwa bega,
wakijadili bei ya ngano.
Hilo la ngano halimo kwenye karatasi. Ni langu.

Halafu ile nyumba ya chini.
Makazi binafsi, karne ya tatu, yasema karatasi.
Ukutani pana doa jeusi, refu,
kama mgongo wa paka anayejinyoosha.
Mimi hulipita. Mtu akiuliza, nasema haijulikani.

Leo yupo Ruggero, mzee wa Bari,
fundi wa mabomba ya moshi miaka arobaini,
magoti yanamlia kila ngazi.
Habari zangu za karne hazimwingii.
Anapitisha kidole kwenye lile doa, anakinusa
kama mtu anayenusa samli sokoni kabla ya kulipa.
"Hapa hapakuungua," anasema.
"Moto wa vita hulamba mara moja ukaenda zake.
Huu ulikuwa ukirudi. Asubuhi, jioni. Asubuhi, jioni.
Hapa palipikwa. Tena si zamani mno:
masizi ya kale hayashiki mkono."

Kundi zima linanitazama.
Ulimi wangu, mtumishi mtiifu wa karatasi, umekauka.

Basi nikasema.
Kwamba chumba hiki kilikuwa cha nyanya yangu, Zbeida.
Kwamba watu wetu waliishi humu Dougga, wakianika pilipili kwenye nguzo,
kuku wakitaga ndani ya jeneza la mawe
la tajiri ambaye jina lake limefutika,
hadi wakaja watu na ramani,
mawe yakawa na thamani kutushinda,
wakahamishiwa bondeni,
kwenye kijiji kilichonyooshwa kwa rula.
Kwamba siku ya kuondoka alichukua mchi
akalivunja tanuri lake la mkate, vipande vipande,
asije mwingine akalikuta lina joto.
Ukuta hakuugusa.
Ukuta, walimwambia, ni wa Warumi.

Hakuna aliyepiga picha.
Tukateremka.

"Chakula cha jioni cha jadi," wanasema kwenye tangazo.
Shangazi Mongia akisomewa hilo hucheka mpaka akakohoa:
"Jadi gani? Hii ni Alhamisi tu."
Sinia moja katikati: kuskusi, shingo ya kondoo,
boga lililolainika likasahau umbo lake,
harisa iliyomtoa machozi Mjerumani mmoja mrefu
akaomba nyingine;
na mkate wa tabuna, umeungua pembeni
kwa namna ambayo hakuna duka linaloweza kuiuza.

Kabla ya kula anapita na birika na beseni,
ananawisha mikono, mmoja mmoja,
hataki kusaidiwa.
Akafika kwa Ruggero. Akakiona kidole.
Akanitazama mimi.
Sikusema kitu, wala hakungoja niseme:
alizaliwa chini ya lile doa.

Birika likabaki hewani.
Sauti ya kutafuna kwa walioanza bila ruhusa ikakoma.
"Huyu," akasema kwa Kiarabu chetu, "ameshanawa,"
akammegea mkate wa kwanza.

Mzee akanigeukia: amesema nini?
Nami, mfasiri wa miaka kumi na mmoja,
nikamjibu: "Anasema karibu."